Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu The Godfather: Yaliyojiri Nyuma ya Kamera

Kila nikikaa na watu kuiangalia The Godfather, maswali huanza kabla filamu haijafika nusu. Kile kichwa cha farasi ni cha kweli? Yule paka alitoka wapi? Mbona humo ndani kuna giza hivyo? Nimekusanya hapa yale yanayorudi zaidi, nikianza na ya msingi na kuishia na yale ya walioangalia filamu zote tatu hadi mwisho. Majibu yanataja nani anakufa na vipi, kwa hiyo kama hujaziona, kaziangalie kwanza.

## Mambo ya msingi

1. Filamu ziko ngapi, na niziangalie kwa mpangilio gani?

Ziko tatu: ya kwanza ilitoka Machi 1972, ya pili Desemba 1974, ya tatu Desemba 1990. Zote ziliongozwa na Francis Ford Coppola kwa ajili ya studio ya Paramount, na skripti aliziandika pamoja na Mario Puzo, mwenye riwaya iliyotoka 1969.

Ziangalie kama zilivyotoka. Sehemu ya pili inasimulia mambo mawili kwa kupokezana: ujana wa baba, Vito, na utawala wa mwanawe, Michael. Mwaka 1977 televisheni ya NBC ilionyesha toleo lililopanga matukio kwa miaka, kuanzia utoto wa Vito kule Sisilia. Linavutia kwa aliyekwisha kuziona. Kwa mgeni linaharibu utamu, kwa sababu nguvu ya sehemu ya pili iko pale pale unapomwona baba akijenga familia, halafu picha inahamia kwa mwana anayeibomoa.

2. "Godfather" ni nani hasa kwa Kiswahili?

Ni baba wa ubatizo, yule ambaye kanisani tunamwita msimamizi. Watu wengi hudhani maana yake ni "mkubwa wa majambazi", lakini maana hiyo imezaliwa na riwaya na filamu zenyewe. Kwa wahamiaji wa Kisisilia, baba wa ubatizo alikuwa mtu unayemkimbilia ukiwa na shida, na yeye hawezi kukupa kisogo. Ndiyo maana mzikaji Bonasera, mwanzoni kabisa mwa filamu, anakaripiwa kwa kuja kuomba msaada bila heshima hiyo.

Kumbuka pia kwamba filamu ya kwanza inafikia kilele kwenye ubatizo halisi. Michael yuko mbele ya padri akimsimamia mtoto wa dada yake, anaulizwa kama anamkataa shetani, anajibu kwamba anamkataa, na wakati huo huo watu wake wanawaua maadui zake. Jina la filamu linatimia papo hapo, kwa maana zote mbili.

3. Hadithi ni ya kweli? Vito Corleone alikuwepo?

Hapana. Corleone ni mji wa kweli kule Sisilia, lakini familia hiyo ni ya kubuni. Puzo alikuwa na umri wa miaka 45, ana madeni ya dola 20,000 kwa ndugu, benki na wachezesha kamari, akaamua kuandika kitabu kitakachouzika. Mwenyewe alikiri kwamba hakuwahi kukutana na jambazi wa kweli. Aliandika kutokana na utafiti na masimulizi.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni lile alilosema kuhusu sauti ya Don Vito: kila mzee huyo alipofungua kinywa, Puzo alikuwa akimsikia mama yake mzazi. Ule upole, ule ukali, ile busara ya kusema kidogo, vilitoka kwa mama wa Kiitaliano aliyelea watoto kwenye umaskini wa New York.

4. Kwa nini wanamwita "Don Corleone"?

"Don" ni neno la heshima, karibu na "Mzee" wetu, na kwa desturi ya Kiitaliano hufuatwa na jina la kwanza: Don Vito. "Don Corleone" ni mazoea ya Kimarekani. Ukisikiliza kwa makini utasikia yote mawili.

## Studio, mwongozaji na majambazi wenyewe

5. Ni kweli Coppola hakuitaka kazi hii?

Kweli. Alipokisoma kitabu mara ya kwanza alikiona ni cha mambo rahisi rahisi, akakiweka pembeni. Lakini kampuni yake changa, American Zoetrope, ilikuwa imezama kwenye deni kwa studio ya Warner Bros., na rafiki yake George Lucas alimsihi akubali kwa sababu fedha hakuna. Wakati huo Coppola alikuwa na miaka 31.

Paramount nao hawakuanza na yeye. Waongozaji kadhaa walikataa, akiwemo Sergio Leone. Studio ilitaka mtu mwenye damu ya Kiitaliano ili filamu inuke jikoni kwao, na pia ilitaka filamu ya bei nafuu: hadithi ihamishwe hadi miaka ya 1970 ili kusiwe na gharama ya magari na nguo za zamani. Coppola aligoma. Alitaka miaka ya 1940, na alitaka New York yenyewe. Bajeti iliyoanza karibu na dola milioni 2 ikapanda hadi zaidi ya milioni 6.

Kitu kilichomsaidia kupambana ni daftari. Alizinyofoa kurasa za riwaya moja moja, akazibandika kwenye karatasi kubwa zenye nafasi pembeni, akajaza maelezo kwa kalamu: onyesho hili linahusu nini hasa, mtego wake uko wapi, likikosewa litakosewa vipi. Lilikuwa jalada nene la kubebwa kwa mikono miwili. Alisema angeweza kuongoza filamu kwa daftari hilo tu, bila skripti.

6. Alikuwa karibu kufukuzwa?

Karibu sana. Wakubwa wa studio waliona picha za mwanzo ni za giza, mwendo ni wa kukokota, na Marlon Brando, anayemcheza Vito, haeleweki anachosema. Wapo watu ndani ya timu yake, akiwemo mhariri, waliokuwa wakipeleka maneno juu. Coppola aliposikia, aliwafukuza yeye kwanza. Brando naye alisema Coppola akiondoka na yeye anaondoka. Kuhusu Al Pacino, anayemcheza Michael, ambaye naye alikuwa njiani kutimuliwa, tazama swali la 10.

7. Kwa nini neno "Mafia" halisikiki kwenye filamu ya kwanza?

Kwa sababu ya Joe Colombo. Huyu alikuwa kiongozi wa mojawapo ya familia tano za kihalifu za New York, na hapo hapo alikuwa ameanzisha chama cha kutetea haki za Wamarekani wenye asili ya Italia. Chama hicho kiliipinga filamu kabla haijaanza. Mtayarishaji Albert Ruddy alikutana naye mapema mwaka 1971, wakakubaliana: neno "Mafia" liondolewe kwenye skripti. Kwa kweli lilikuwemo kwa nadra mno, kwa hiyo Ruddy alitoa kitu kidogo akapata kikubwa. Vikwazo mitaani vikaisha. Wamiliki wa studio walipoona habari hizo magazetini, walimfukuza Ruddy kwa hasira, kisha wakamrudisha.

Tarehe 28 Juni 1971, upigaji picha ukiwa unaendelea mjini humo humo, Colombo alipigwa risasi mbele ya umati kwenye mkutano wa chama chake, Columbus Circle. Aliishi akiwa amepooza hadi 1978.

8. Je, mwimbaji Johnny Fontane ni Frank Sinatra?

Watu waliamini hivyo tangu kitabu kilipotoka, na Sinatra mwenyewe aliamini. Puzo alisimulia jinsi walivyokutana kwenye mgahawa mmoja Los Angeles, Sinatra akamporomoshea matusi. Kwenye filamu Fontane amechezwa na Al Martino, mwimbaji wa kweli.

## Waigizaji

9. Brando aliweka pamba mdomoni?

Siku ya majaribio, ndiyo, alijaza kitu laini mashavuni. Kwenye filamu yenyewe, hapana. Tofauti hiyo ina maana.

Studio haikumtaka Brando. Filamu zake za karibuni zilikuwa zimeanguka, na alikuwa na sifa ya usumbufu. Wakaweka masharti, mojawapo likiwa kwamba apigwe picha ya majaribio kama mwigizaji chipukizi. Coppola hakuthubutu kumwambia hivyo mtu mkubwa kama Brando, akamwambia wanajaribu tu vifaa. Akaenda nyumbani kwake Los Angeles na watu wachache na kamera ndogo. Brando, mwenye nywele ndefu za rangi ya dhahabu, akazifunga nyuma, akazipaka dawa ya viatu nyeusi, akajaza mashavu, akakunja kola ya shati. Alitaka Don afanane na mbwa aina ya bulldog. Hakusema mengi. Ndani ya dakika chache, mzee alikuwa ameketi mbele yao. Wakubwa wa studio walipoonyeshwa ukanda huo, hata hawakumtambua ni nani.

Kwenye filamu alivaa kifaa kilichotengenezwa na daktari wa meno, kilichosukuma mashavu kwenda nje na chini, na Dick Smith akamzeesha kwa vipodozi. Hapo Brando alikuwa na miaka 47 tu. Kati yake na Pacino, "mwanawe", kuna miaka 16.

Na ndiyo, alisoma maneno yake kwenye makaratasi. Yalibandikwa ukutani, nyuma ya samani, na kuna picha maarufu ya Robert Duvall akiwa amesimama na karatasi ya maneno ya Brando kifuani. Brando alisema hufanya hivyo ili maneno yatoke kama yanatafutwa, kama tunavyozungumza sisi wote.

10. Kwa nini walitaka kumfukuza Al Pacino, na nini kilimwokoa?

Studio ilitaka jina kubwa na sura ya stelingi wa Kimarekani: Robert Redford, Ryan O'Neal. Pacino alikuwa mtu wa jukwaani, mfupi, ambaye hakujulikana na watazamaji wengi. James Caan alifanyiwa majaribio kwa nafasi ya Michael kabla ya kupewa Sonny. Coppola aling'ang'ania Pacino kwa sababu, alisema, kila aliposoma kurasa za Sisilia aliona uso wake ukitembea kwenye vilima vile.

Wiki za kwanza ziliwapa wakubwa hoja. Michael mwanzoni ni mtu aliyejitenga na biashara ya baba, kwa hiyo Pacino aliigiza kwa chini, karibu bila kitu. Waliotazama wakaona hajui kazi. Yeye alikuwa akipanga safari ya mtu anayebadilika, na safari hiyo haikuwa imeanza kuonekana. Coppola akalivuta mbele onyesho la mgahawa ili walione mapema.

Hilo ndilo onyesho la kuliangalia mara mbili. Michael ameketi na Sollozzo na kapteni wa polisi McCluskey kwenye mgahawa mdogo kule Bronx. Sollozzo anaanza kuzungumza Kiitaliano, na hakuna tafsiri chini ya skrini. Coppola aliacha hivyo makusudi, kwa sababu maneno yenyewe si muhimu. Unabaki na macho ya Pacino tu. Michael anakwenda msalani, anatafuta bastola iliyofichwa nyuma ya tangi la maji la choo cha zamani, na kwa sekunde kadhaa mikono yake haiipati. Anarudi mezani. Aliambiwa atoke akifyatua. Anakaa. Hapo unaanza kusikia treni. Breki zake zinalia kwa nguvu, zinazidi, mpaka karibu sauti ya Sollozzo inamezwa, na hakuna treni yoyote inayoonekana popote kwenye picha. Sauti hiyo iliongezwa na fundi wa sauti Walter Murch baadaye: ni mlio wa ndani ya kichwa cha Michael, umevalishwa nguo za treni ya mtaani. Muziki haupo kabisa, unaingia tu bastola ikishadondoshwa.

Studio walipoliona, mazungumzo ya kumfukuza yakaisha. Usiku ule ule, aliporukia gari la kutorokea, Pacino alitegua kifundo cha mguu. Kwa filamu nzima alilipwa dola 35,000.

11. Luca Brasi alikuwa na woga wa kweli?

Wa kweli kabisa. Lenny Montana alikuwa mwanamieleka wa zamani, jitu la miraba minne, lakini kukaa mbele ya Brando kulimtetemesha. Akakosea maneno. Badala ya kulitupa onyesho hilo, Coppola alilibakiza, kisha akapiga kipande kipya cha Luca akiwa bustanini harusini, peke yake, akikariri salamu zake kama mtoto wa shule kabla ya mtihani. Kosa likawa tabia ya mhusika, na mtazamaji anampenda muuaji yule kwa ajili hiyo.

12. Ndugu wa Coppola wamo wangapi?

Wengi. Connie ni Talia Shire, dada yake. Baba yake, Carmine, alitunga baadhi ya muziki na anaonekana akipiga piano kwenye kipande cha vita vya magenge. Wanawe wawili wa kiume wamo kama watoto wa Tom Hagen. Mtoto anayebatizwa, ambaye kwenye hadithi ni wa kiume, ni binti yake Sofia, aliyezaliwa Mei 1971 huku kazi ikiendelea. Sofia anarudi, kwa gharama kubwa, kwenye swali la 25.

13. Yule aliyecheza Fredo aliigiza filamu ngapi?

John Cazale aliigiza filamu ndefu tano tu maishani mwake, na zote tano ziliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Alifariki kwa saratani mwaka 1978, akiwa na miaka 42. Ukimwangalia tena Fredo pale baba anapopigwa risasi, jinsi bastola inavyomchezacheza mikononi kisha anaketi ukingoni mwa barabara akilia, utaona mwigizaji asiyeogopa kuonekana dhaifu. Wengi hawana ujasiri huo.

## Matukio yanayoulizwa zaidi

14. Yule paka wa Don Vito alikuwa wa nani?

Hakuwa wa mtu. Alikuwa akizurura kwenye studio walimopigia picha za ofisi ya Don. Coppola alimwokota na kumweka mikononi mwa Brando bila kusema neno. Brando akaanza kumchezea huku akizungumza mambo ya kifo, na paka akakoroma kwa raha hadi mkoromo ukaingia kwenye maikrofoni na kuwapa shida mafundi wa sauti. Skripti haina paka.

15. Kichwa cha farasi ni cha kweli?

Ndiyo. Kilitoka kwenye kiwanda cha chakula cha mbwa huko New Jersey, ambako farasi walikuwa wakichinjwa kwa kazi hiyo, na kililetwa kikiwa kwenye barafu. Hakuna farasi aliyeuawa kwa ajili ya filamu. Mwigizaji John Marley alikuwa amezoea kichwa cha bandia wakati wa mazoezi.

Barua za malalamiko zilimiminika. Coppola alishangaa kwamba watu wengi kiasi hicho waliuawa kwenye filamu, na watazamaji wakamlilia farasi.

16. Kwa nini ofisi ya Don ina giza, hadi macho ya Brando hayaonekani?

Huo ni uamuzi wa mpigapicha mkuu, Gordon Willis. Kawaida ya Hollywood ilikuwa kuhakikisha macho ya nyota yanang'aa. Willis aliweka taa juu, zinashuka wima kama zinavyoshuka taa za dari, kwa sababu mbili: vipodozi vya uzee wa Brando vilihitaji mwanga wa namna hiyo, na Don ni mtu ambaye hutakiwi kujua anawaza nini. Kisha akaupunguza mwanga kwenye filamu hadi ukingoni mwa kupoteza picha. Wakubwa walipiga kelele kwamba hawaoni kitu.

Sasa toka nje ya ofisi hiyo, ingia harusini: jua kali, rangi nyeupe, watu wanacheza. Dunia mbili, zimetenganishwa na mlango tu. Ofisi ilipigwa studio, lakini nyumba ya harusi iko Staten Island, na haikuwa seti.

Willis hakuteuliwa kuwania Oscar kwa filamu ya kwanza wala ya pili. Wapigapicha wa leo wote wamesoma kwake, na chama cha tuzo kilimpa Oscar ya heshima mwaka 2009. Kwangu ilichelewa mno.

17. Maneno "acha bastola, chukua cannoli" yaliandikwa na nani?

Nusu na nusu. Skripti ilikuwa na "acha bastola" tu. Mapema kwenye hadithi, mke wa Clemenza anamkumbusha mumewe asisahau cannoli, zile keki za Kisisilia zenye umbo la bomba zilizojazwa jibini tamu. Mwigizaji Richard Castellano alikumbuka agizo hilo, akaongeza maneno yake. Mtu ameuawa garini muda huu, na muuaji anawaza asigombezwe na mkewe.

18. Ni kweli machungwa ni ishara ya kifo?

Yanaonekana, hilo halina ubishi. Vito ananunua machungwa anapopigwa risasi. Yako mezani kwenye mkutano wa familia tano. Ana ganda la chungwa mdomoni anapofariki. Lakini msanifu wa mandhari, Dean Tavoularis, alieleza kwamba aliyapenda kwa rangi: kwenye seti za kahawia na giza, chungwa linaamsha picha. Mtazamaji akitaka kuona ishara, yuko huru. Sehemu ya pili na ya tatu ziliendelea kuyatumia, na hapo tayari kila mtu alikuwa akiyahesabu.

19. Kifo cha Sonny kilipigwa mara ngapi?

Mara moja. Kwenye nguo za James Caan kulifungwa vijibaruti zaidi ya 100, vyenye vifuko vya damu bandia, na matundu ya gari yalitobolewa mapema yakazibwa. Vibanda vya ushuru wa barabara vilijengwa kwenye uwanja wa ndege uliokwisha kuachwa, Long Island. Kurudia kungemaanisha kuandaa kila kitu upya, gari, nguo na mtu.

20. Ganda la chungwa kwenye kifo cha Don lilikuwa la nani?

La Brando. Mtoto aliyecheza mjukuu hakuwa akichangamka, basi Brando akatumia mchezo aliokuwa akiwafanyia wanawe: akakata ganda likawa kama meno, akaliweka mdomoni, akanguruma. Mtoto alishtuka kweli, akalia kidogo, Brando akambeba. Kisha mzee akaanguka katikati ya mistari ya nyanya, na mtoto anaendelea kumnyunyizia dawa akidhani bado ni mchezo. Mtu aliyetisha jiji zima anakufa akiwa zimwi la kuchezea mjukuu.

Mazungumzo yanayotangulia hapo, ya baba na mwana bustanini, hayamo kitabuni. Coppola aliona hakuna mahali Vito na Michael wanaambiana wanapendana, akamwita mwandishi Robert Towne, ambaye jina lake halikuandikwa kwenye filamu. Coppola alimshukuru hadharani alipopokea Oscar ya skripti.

21. Walipiga picha Corleone yenyewe?

Hapana. Mwaka 1971 Corleone ilikuwa imejaa majengo mapya. Walitumia vijiji vya Savoca na Forza d'Agrò, upande wa mashariki wa kisiwa. Baa ambayo Michael anamwomba baba wa Apollonia ruhusa ya kumchumbia iko Savoca mpaka leo: Bar Vitelli.

## Tuzo

22. Kwa nini Brando aliikataa Oscar?

Kupinga jinsi Hollywood ilivyowaonyesha Wahindi Wekundu, wenyeji wa asili wa Marekani, wakati ambapo wanaharakati wao walikuwa wamezingirwa na serikali kule Wounded Knee. Usiku wa 27 Machi 1973 alimtuma Sacheen Littlefeather, ambaye aliisukuma sanamu kwa kiganja na kusema maneno machache, huku wengine wakimzomea na wengine wakimpigia makofi. Mwaka 2022 chama cha tuzo kilimwomba radhi.

Filamu ilishinda tuzo tatu: filamu bora, mwigizaji bora, na skripti iliyotokana na kitabu. Ya mwongozaji bora ilikwenda kwa Bob Fosse.

23. Ule muziki maarufu mbona haukushinda?

Nino Rota aliteuliwa, kisha uteuzi ukafutwa ilipogundulika kwamba sehemu ya wimbo wa mapenzi aliwahi kuitumia kwenye filamu ya Kiitaliano ya 1958, Fortunella. Miaka miwili baadaye alishinda kwa sehemu ya pili, pamoja na Carmine Coppola. Sehemu hiyo ya pili ilichukua Oscar sita, ikiwa filamu ya kwanza ya mwendelezo kushinda filamu bora. Robert De Niro, aliyefanya usaili wa Sonny kwenye filamu ya kwanza akakosa, alishinda kwa Vito kijana, akizungumza Kisisilia karibu muda wote. Yeye na Brando walikuwa wa kwanza kushinda Oscar mbili kwa mhusika mmoja.

## Sehemu ya pili na ya tatu, kwa waliokwisha kuziona

24. Kwa nini Brando na Clemenza hawamo kwenye sehemu ya pili, na Havana ile ni Havana kweli?

Brando alitarajiwa kwa onyesho la mwisho, ile siku ya kuzaliwa ya Vito, lakini hakutokea. Coppola aliandika upya haraka: baba anasikika kuwa amefika, watoto wote wanakimbilia mlangoni kumpokea, na Michael anabaki mezani peke yake. Brando angekuwepo, tungekuwa na picha ya baba. Hakuwepo, tukapata upweke wa Michael, ambao ndio filamu yenyewe. James Caan alirudi kwa siku hiyo tu, akidai alipwe sawa na filamu nzima ya kwanza.

Castellano na studio hawakuafikiana, kwa hiyo Clemenza akaelezwa kuwa amefariki na Frank Pentangeli akaundwa kuziba nafasi.

Havana ni Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika, kwa sababu vikwazo vya Marekani viliwafungia Wamarekani njia ya Cuba. Na ukumbi wa wahamiaji wa Ellis Island, anapopokelewa mtoto Vito, ni soko la zamani la samaki mjini Trieste, Italia.

25. Kwa nini Tom Hagen hayumo kwenye sehemu ya tatu, na kwa nini Sofia Coppola alipewa Mary?

Duvall, aliyemcheza Hagen, alikataa kwa sababu ya fedha. Alisema Pacino kulipwa mara mbili yake angeelewa, lakini si mara tatu au nne. Pengo lake linaonekana. Filamu ya tatu inamkosa mtu anayeweza kumwambia Michael ukweli.

Mary, binti wa Michael, alikuwa achezwe na Winona Ryder. Alifika Roma akiwa amechoka hoi, akajitoa kazi ikiwa imeanza. Coppola akamwingiza binti yake wa miaka 18, asiye mwigizaji. Wahakiki walimrarua. Coppola alisema baadaye kwamba kilichompata Sofia ni kile kile kilichompata Mary: risasi zilizomlenga baba zilimpiga binti. Mimi namtetea Sofia. Mary ni msichana asiyejua mambo ya kwao, na ule ugeni wake mbele ya kamera unamfaa.

Mwaka 2020 Coppola aliikata upya filamu hiyo na kuipa jina alilolitaka yeye na Puzo tangu mwanzo, lenye maneno "Kifo cha Michael Corleone". Mwanzo na mwisho wake ni tofauti. Anza na ile ya 1990, kisha uione hii.

26. Pale ngazini Michael anapopiga ukelele, mbona hausikiki?

Pacino aliupiga kweli, kwa sauti yote, kwenye ngazi za Teatro Massimo kule Palermo. Wakati wa kuhariri, Murch aliondoa sauti. Kinywa kiko wazi, uso umepinda, mwili wa Mary uko mbele yake, na kinachosikika ni muziki wa opera ya Cavalleria rusticana tu. Unakaa ukingoja sauti ije. Wanaomzunguka wanageuka kumtazama, Connie anajifunika kichwa kwa shali. Ndipo sauti inarudi, ukelele ukiwa umekaribia kwisha, naye anavuta pumzi.